Umekuta mkanda wa picha wa zamani? Kuusafisha leo si kazi ndogo

Unapanga kabati la wazazi, unakuta mkanda wa kamera ambao haujawahi kusafishwa. Huenda ndani kuna harusi ya mama, au sura ya babu ambaye hamna picha yake hata moja. Kwanza kabisa, usiuvute nje kuchungulia. Mwanga ukiingia tu, picha zimekwisha.

Zamani ungeupeleka studio, baada ya siku chache unachukua picha zako 36 na negativu. Leo studio nyingi zinachapa picha za simu tu. Shida kubwa ni dawa. Mashine ya kusafishia inataka mikanda mingi kila siku, maana dawa huharibika hata ikikaa bila kazi. Mikanda miwili kwa wiki ni hasara tupu, ndiyo maana mashine nyingi zilizimwa. Waliobaki hukusanya mikanda kwanza mpaka itoshe, kwa hiyo jiandae kusubiri.

Sasa soma maandishi kwenye kopo la mkanda. C-41 ni rangi ya kawaida, una nafuu. Dawa yake ya kwanza inataka dakika 3 na sekunde 15 kwenye joto la karibu nyuzi 38. E-6 ni slaidi, wanaoisafisha ni wachache. Nyeusi na nyeupe usiogope, fundi mwenye tangi dogo na chumba chenye giza anaimaliza hata nyumbani.

Balaa ni K-14, yaani Kodachrome. Kodak iliitoa mwaka 1935 na kutangaza kuiacha 2009. Rangi zake hazikuwemo kwenye mkanda, ziliingizwa wakati wa kusafisha, tena kwa mashine maalumu. Maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons, Kansas nchini Marekani, iliacha kupokea mikanda hiyo 30 Desemba 2010. Leo ukibahatika utapata picha nyeusi na nyeupe, rangi ndo basi tena.

Ukimpa ndugu anayesafiri, aubebe mkononi na aombe ukaguliwe kwa mkono, kwani mashine za kukagulia mizigo huweza kuharibu mikanda. Kabla ya hapo uweke kwenye friji, ndani ya chombo kisichopitisha unyevu, maana joto hufifisha picha polepole. Na muulize fundi mapema kama atakutoza hata pasipotoka kitu.