Spray: mlingoti wa nyuma ulishikwa na nini?

Wakaaji wa kandokando ya ziwa Tanganyika, toka Uvira hadi Kalemie, wanajua kwamba mlingoti hausimami peke yake. Hushikwa na mahali uliposimikwa na kamba zinazouvuta kila upande. Lakini ukisimikwa mwisho kabisa wa mashua, kwenye tezi, ambako nyuma kuna maji tu, utashikwa na nini?

Joshua Slocum, nahodha mzaliwa wa Kanada, alipaswa kulijibu swali hilo. Ndiye mtu wa kwanza kuzunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake. Alitoka Boston, Marekani, Aprili 1895, kwa mashua yake Spray, yenye urefu wa mita 11 hivi. Ilikuwa na mlingoti mmoja na tanga kubwa, zito kwa mtu mmoja.

Novemba mwaka ule alikuwa bandarini Rio de Janeiro, Brazili. Mbele yake zilimngoja dhoruba za Patagonia. Basi akafunga kwenye tezi mhimili wa nusu duara, wa kushika mlingoti mdogo wa pili, ambao mabaharia wa pwani huuita galme. Tanga la galme lilikuwa halijapandishwa bado; alianza na kile kitakacholishikilia.

Machi 1896, alipotoka Mlango wa Bahari wa Magellan kuingia Pasifiki, dhoruba ilimrarulia tanga kubwa na kumsukuma kusini. Aliporudi ndani ya mlango ule alishona matanga, akalipunguza lile kubwa, akaongeza la nyuma. Mhimili ulikuwa tayari tangu Rio.

Tanga hilo dogo lilisaidia usukani mashua ilipokwenda kinyume cha upepo. Upepo ukivuma kutoka nyuma, alilikunja.

Novemba 1897, huko Durban, kusini mwa Afrika, Slocum alikutana na Henry Morton Stanley, yule Bula Matari wa historia ya Kongo. Stanley alimuuliza kama Spray ina vyumba vya kuzuia maji, ikigonga mwamba. Slocum alijibu kwamba la muhimu ni kuiepusha na miamba. Na mashua huepuka mwamba ikiwa inautii usukani.

Juni 1898 alifika Newport, Marekani, baada ya maili 46,000 hivi. Mlingoti ule wa nyuma yeye aliuhesabu kuwa kitu cha muda tu. Wanaoishi leo katika nyumba za muda wanajua maana yake: hata cha muda hufungwa imara, kwa sababu dhoruba haiulizi kama umekwisha kufika kwako.