Usita wa Mui, njia iliyoachwa na bahari

Anayeshuka gatini Lamu hulakiwa na safu ya majengo yenye varanda na matao yanayotazama maji, akadhani huo ndio uso wa mji tangu enzi. Sivyo. Uso wa zamani uko nyuma ya majengo hayo, hatua chache tu kutoka baharini: Usita wa Mui, njia kuu ambayo kwenye ramani huandikwa Harambee Avenue.

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 mawimbi yalifika karibu na njia hii. Ngome ya Lamu, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika 1821, ilisimama ufukweni. Leo kati yake na bahari kuna uwanja na safu ya majengo. Karibu na ngome hiyo upo Msikiti wa Pwani, wa karne ya 14, nao siku hizi hauoni pwani. Baada ya Waamu, yaani watu wa Lamu, kuwashinda Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate katika vita vya Shela, Sayyid Said wa Omani aliwapa ulinzi, biashara ikanenepa, na ufuo ukafukiwa kidogo kidogo ili wafanyabiashara wajenge mbele ya mji. Njia ya pwani ikajikuta katikati ya mji.

Ukipanda kutoka Usita wa Mui kuingia vichochoro vya Mkomani, unakutana na Lamu iliyojengwa kwa ajili ya kukaa. Nyumba nyingi bora za mtaa huo ni za karne ya 18. Mawe yake ni ya matumbawe, mengi yakitoka kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo, yakashikanishwa kwa chokaa. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua umbo la nyumba: kwa kuwa haiwezi kubeba upana unaozidi takriban mita 3, kumbi zote ni nyembamba na ndefu, moja nyuma ya nyingine. Mtu huanzia daka lenye baraza mlangoni, akapita tekani, ukumbi wa kuingilia, akatokea kiwanda, yaani ua usio na paa, kisha kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho ndani, chumba cha mwenye nyumba na mkewe, ambako ukuta mzima umechongwa zidaka za kupangia sahani na vyombo vya kaure. Kadiri unavyozidi kuingia ndivyo mapambo yanavyozidi. Upande wa njia hakuna cha kuona ila ukuta mtupu na mlango wa nakshi.

Nyumba hizo zilikua pamoja na ukoo. Binti akiolewa, baba alimpa nyumba: akimjengea ghorofa juu ya yake, au nyumba ya jirani, akaziunganisha kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Ndiyo maana wanawake wa ukoo mmoja waliweza kutembeleana bila kukanyaga njia.

Usita wa Mui wenyewe ulichukua mkondo mwingine. Wahindi walifungua maduka, nyumba zikatobolewa upande wa mbele ili bidhaa zionekane, na baraza nyingi zikapotea. Hapo ndipo Mjerumani Gustav Denhardt alipofungua posta ya Kijerumani tarehe 22 Novemba 1888. Ikafungwa 31 Machi 1891, baada ya Wajerumani na Waingereza kugawana pwani. Jengo lake sasa ni makumbusho. Utumwa ulipokomeshwa kisheria mwaka 1907, matajiri wa Mkomani walikosa watu wa kulima mashamba yao ya bara, na pamoja nao uwezo wa kutunza nyumba kubwa. Ikatokea kwamba umaskini ukaihifadhi Lamu: hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya.

Fedha zilirudi baada ya watalii kuanza kuja katika miaka ya 1970. Mji wa kale ulitangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 1986, na UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Wageni wakanunua nyumba, wengine wakazitengeneza kwa uangalifu wa kusifiwa. Lakini nyumba inayolala wageni haikaliwi na binti aliyejengewa na babake, na mtaa usio na watoto wake ni mtaa pungufu, hata kuta zake ziwe nyeupe namna gani.

Adui mwingine ni saruji. Chokaa huuacha ukuta wa matumbawe upumue. Saruji huufungia unyevu ndani, plasta ikabanduka na boriti zikaoza. Mwenye nyumba anayetaka kukarabati na amtafute kwanza fundi wa chokaa, na wakati wa kazi amwekee fundi huyo kijana wa mtaani wa kujifunza kwake.