Marafiki: Jina la Kejeli na Kazi ya Banani

Kwa mkazi wa Ukonga, Dar es Salaam, Quaker ni kopo la oti dukani, lenye picha ya mzee wa kofia pana na nywele nyeupe. Kampuni iliyosajili alama hiyo huko Marekani mwaka 1877 haikuwa mali ya dhehebu lenye jina hilo. Ilitamani tu sifa ya uaminifu ya waumini wake, ikauzia uji. Quaker wenyewe ni dhehebu la Kikristo ambalo kwa Kiswahili huitwa Marafiki, nalo limekuwa kisiwani Pemba tangu mwaka 1897. Kati ya majina hayo mawili, nadai kwamba hili la Kiswahili ndilo walilolifanyia kazi.

Jina Quaker, yaani mtetemekaji, lilikuwa tusi. George Fox, mwanzilishi wao, alisimulia kwamba mwaka 1650, aliposhtakiwa kwa kukufuru huko Derby, Uingereza, jaji Gervase Bennet alimwita hivyo kwa kejeli baada ya Fox kuwaambia mahakimu watetemeke mbele ya neno la Bwana. Fox alikaa gerezani karibu mwaka mzima. Watu wa Ukonga, wanaoishi jirani na gereza, hawahitaji kuelezwa jinsi jina la lupango linavyomganda mtu. Robert Barclay, mwanazuoni wao, alitoa sababu nyingine: waumini walitetemeka kweli katika ibada. Nadhani Fox na Barclay wote wako sahihi, maana barua ya mwaka 1647 tayari inataja wanawake wa London walioitwa jina hilo hilo. Bennet hakulibuni, alilirusha tu. Waumini wenyewe walipenda kuitwa Marafiki, kwa kufuata maneno ya Yesu katika Yohana 15.

Jina zuri mtu yeyote anaweza kujipa, kwa hiyo twende Pemba. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Amri ilikuwa na mitego. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru, bwana wake akalipwa fidia, na aliyeachwa huru alitakiwa kuonyesha makazi na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuguswa mpaka mwaka 1909. Ni katika mwanya huo Marafiki wa Uingereza, wakiongozwa na Theodore Burtt, walipata shamba la karafuu Banani, karibu na Chake Chake. Aliyetoka mahakamani bila kibanda wala kazi alipata vyote viwili hapo, na sheria ikakosa kisingizio cha kumwita mzururaji.

Kuna watakaosema Marafiki walihitaji wachumaji wa karafuu, na kwamba urafiki wenye shamba ni ajira tu. Ni kweli karafuu hazijichumi, na misheni ilitaka pia waumini. Lakini wasiokuwa na jingine ila ajira hawana sababu ya kugombana na serikali yao, ilhali Marafiki waliendelea kuisumbua London kuhusu watumwa waliobaki chini ya mabwana zao. Wengine hukumbusha kwamba Marafiki wa Afrika Mashariki si watu wa ibada ya kimya kama wale wa Uingereza: wana wachungaji, nyimbo na mahubiri. Tofauti hiyo inatoka Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambako Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni ya ufundi mwaka 1902. Walitoka kwenye tawi lenye wachungaji, wakafundisha walivyozoea, na Waluhya wa huko wakaongeza sauti zao. Kama kimya ndicho kipimo, basi Marafiki wengi wa Marekani nao wameshindwa mtihani.

Mwaka 1946 makanisa yaliyotokana na Kaimosi yalipata mkutano wao wa mwaka wa Afrika Mashariki, yaani baraza lao la uongozi, na leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Banani ilibaki ndogo. Kwa hoja hii ya jina, hata hivyo, ushahidi wa Banani ndio mzito zaidi.