Bouch na daraja lake la bei poa

Watu wakisimulia habari za Thomas Bouch huanzia kwenye ajali. Mimi naanzia kwenye bei.

Bouch, Mwingereza aliyezaliwa 1822, alipendwa kwa sababu reli zake zilikuwa rahisi kwa mfuko. Na hakuwa mjinga, tusidanganyane. Mwaka 1850 alikuwa ameshabuni njia ya kupakia mabehewa mazima kwenye feri na kuyavusha maji ya Forth, Uskoti. Dunia haikuwa imeona kitu kama hicho.

Halafu likaja daraja la mto Tay, zaidi ya kilomita 3, kuingia mji wa Dundee. Hapo sasa! Nguzo zilipangwa kuwa za matofali. Waliopima chini ya mto walidhani wamefikia mwamba, kumbe ni tabaka la changarawe tu. Nguzo nyingi zikabadilishwa kuwa za chuma, ndio ziwe nyepesi. Chuma chenyewe kilitoka kiwandani na mashimo, mafundi wakayaziba kwa nta, unga wa chuma na masizi. Ukishapaka rangi, nani atajua? Upepo nao, Bouch hakuuwekea hesabu maalum.

Februari 1878 inspekta wa serikali alilikagua kwa siku 3, akaandika kwamba angependa kuona treni ikipita wakati wa upepo mkali. Likafunguliwa tu hivyo. Mwaka uliofuata Malkia Victoria akalivuka, Bouch akaitwa Sir.

Anayeniumiza kichwa ni Henry Noble, mtunzaji wa daraja. Alisikia vyuma vya kukaza nguzo vikigongana, vimelegea. Akavibana kwa vipande vya chuma, kazi ikaendelea. Noble alikuwa mwashi wa matofali, jamani. Chuma hakukijua.

Jumapili usiku, tarehe 28 Desemba 1879, dhoruba iliangusha sehemu ya katikati, treni ikiwa juu. Hakupona hata mmoja. Uchunguzi ukamtwika Bouch lawama kubwa zaidi, na Oktoba 1880 akafa.

Alistahili lawama? Ndio. Lakini kampuni iliyofurahia bei yake, ikaridhika mwashi akague chuma, iliendelea kukata tiketi. Daraja jipya lilifunguliwa 1887. Aliyelichora ni William Barlow, mmoja wa wale 3 waliochunguza ajali ya Bouch. Na baadhi ya mihimili ya lile la zamani ilihamishiwa humo humo.