Mohamed Amin, Shahidi Mwenye Kamera

Ndugu msomaji, picha za Hija zilizomo katika kitabu cha Pilgrimage to Mecca, kilichotoka mwaka 1978, zilipigwa na mwana wa Afrika Mashariki, Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambako alianzisha Camerapix mwaka 1963, naye kijana mbichi.

Ama kazi iliyomjulisha kwa walimwengu ni ile ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984. Habari za njaa zilikwisha andikwa kabla yake, na wenye nacho walizipitia kama kwamba hawakuzisoma. Amin akawaelekezea kamera watu waliokesha uwandani katika baridi ya alfajiri, na maiti za mama na mtoto mchanga zilizofungwa pamoja katika nguo moja. Michael Buerk akatia maneno, na tarehe 23 Oktoba BBC ikaonyesha. Vituo zaidi ya 400 vikafuata, na misaada ikamiminika.

Je, ndugu yangu, yafaa kumpiga picha mtu katika udhalili wake? Swali hili ni zito, wala silipuuzi. Lakini bila ya kamera ile, wangapi wangezikwa pale pasi na wa kuwajali?

Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Mauti yalimfika tarehe 23 Novemba 1996: ndege aliyoipanda ilitekwa, ikaishiwa na mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazidja. Walikufa watu 125.