Fahamu chati ya udhibiti wa ubora viwandani na namna inavyosomwa

Mwananchi anaponunua pakiti ya unga iliyoandikwa kilo 1 huwa hana mzani mkononi, huamini kilichoandikwa. Nchini Tanzania, Wakala wa Vipimo hukagua uzito wa bidhaa zilizofungashwa, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) huthibitisha ubora wa bidhaa. Hata hivyo, mkaguzi hupima sampuli chache tu kati ya maelfu ya pakiti zinazoingia sokoni. Kinachomlinda mnunuzi siku hadi siku ni udhibiti unaofanyika ndani ya kiwanda chenyewe, na mojawapo ya nyenzo kongwe za kazi hiyo ni chati ya udhibiti.

Chati hiyo ilibuniwa na Walter Shewhart, mtaalamu wa fizikia aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric nchini Marekani, iliyotengeneza vifaa vya simu. Tarehe 16 Mei, 1924 alimwandikia mkuu wake waraka mfupi wenye mchoro wa chati ya kwanza ya aina hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, W. Edwards Deming aliifundisha mbinu hiyo kwa wahandisi na wakuu wa viwanda nchini Japani kuanzia mwaka 1950, na leo imewekewa viwango vya kimataifa katika mfululizo wa ISO 7870.

Msingi wake ni kwamba hakuna pakiti mbili zinazolingana kabisa. Tofauti nyingine hutokana na sababu za kawaida, kama vile mtikisiko wa mashine au unyevu wa unga, ambazo zimo ndani ya mfumo wenyewe na haziondoki kwa kumkemea mtu. Nyingine hutokana na sababu maalumu: springi iliyolegea, mdomo wa mashine ulioziba, au shehena mpya ya mahindi isiyofanana na ile ya jana. Kazi ya chati ni kutenganisha aina hizo mbili.

Tuchukue mfano wa kiwanda kinachopima pakiti 5 kila saa. Kila mara huandikwa wastani wa pakiti hizo pamoja na upana wa sampuli, yaani tofauti kati ya pakiti nzito kuliko zote na nyepesi kuliko zote. Baada ya sampuli 25, wastani wa jumla ni gramu 1,006 na upana wa wastani ni gramu 10. Kwa sampuli za pakiti 5, upana huo huzidishwa kwa 0.577, na jibu, gramu 5.8, huongezwa na kupunguzwa kwenye wastani wa jumla. Hivyo kikomo cha juu ni gramu 1,011.8 na cha chini ni gramu 1,000.2. Mistari hiyo huchorwa juu na chini ya mstari wa wastani, kisha nukta ya kila saa huwekwa mahali pake. Upana nao una chati yake, ambayo kikomo chake cha juu katika mfano huu ni gramu 21.1.

Vikomo hivyo vimewekwa umbali wa mikengeuko sanifu 3 kutoka wastani, ili mashine iliyo salama itoe tahadhari ya uongo takribani mara 3 tu katika nukta 1,000. Nukta ikivuka kikomo, kazi husimamishwa na sababu hutafutwa. Aidha, mwongozo wa Western Electric wa mwaka 1956 unahesabu nukta 8 mfululizo zilizo upande mmoja wa wastani kuwa ishara, hata kama hakuna iliyovuka kikomo.

Nukta zikibaki ndani bila mpangilio wowote, mashine iachwe. Hapa ndipo penye makosa mengi. Fundi mwenye bidii anayerekebisha mashine kila pakiti inapopungua au kuzidi kidogo huongeza tofauti badala ya kuipunguza. Akifidia kila mara kwa kiasi kamili cha kosa lililopita, mkengeuko sanifu huongezeka kwa takribani asilimia 41.

Jambo la pili linalochanganywa mara kwa mara ni vikomo vya chati na matakwa ya kiwango. Vikomo vya chati huonyesha mashine inachofanya, si kile ambacho mnunuzi ameahidiwa. Katika mfano wetu, wastani wote unaweza kubaki juu ya gramu 1,000 na chati ikaonekana shwari. Lakini upana wa gramu 10 una maana kuwa mkengeuko sanifu wa pakiti mojamoja ni takribani gramu 4.3, na iwapo uzito umetawanyika kwa namna ya kawaida, takribani pakiti 8 katika kila 100 zitakuwa chini ya kilo 1. Mchakato umetulia, na bado unampunja mnunuzi.

Kiwanda hicho kina njia mbili. Kikipandisha wastani hadi gramu 1,013, pakiti pungufu zitakuwa moja au mbili katika 1,000, ila kitatoa gramu 7 za ziada kwa kila pakiti, sawa na kilo 70 za unga kwa pakiti 10,000. Kikitengeneza mashine hadi mkengeuko upungue kwa nusu, pakiti pungufu zitakuwa chini ya 3 katika 1,000 bila kuongeza hata gramu moja ya unga. Njia hii ya pili hudai matengenezo, na hayo ni uamuzi wa uongozi. Mwendesha mashine hawezi kuyafanya kwa kuongeza umakini. Mabadiliko hayo yakikamilika, sampuli mpya huchukuliwa na vikomo hukokotolewa upya, kwa kuwa vile vya awali vilikuwa vya mashine ambayo haipo tena.