Nahau ya Mtengeneza Kofia

Nilipokuwa kidato cha pili hapa Uganda, mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa nahau za mavazi tuzikariri: kukaza mkanda, kutupa glavu, mke kuvaa suruali nyumbani, na ile ya mtu kuwa na wazimu kama mtengeneza kofia. Maana tulipewa, asili hatukupewa. Nyingine zilieleweka upesi, kwa kuwa Kiswahili nacho kina watu wanaojifunga kibwebwe. Lakini kofia na wazimu, wapi na wapi? Tulicheka tu. Muhula mzima aliyekosea jibu darasani aliitwa mtengeneza kofia.

Jibu nililipata chuoni, katika somo la historia ya viwanda. Katika karne ya 18 na ya 19, kofia nyingi za wanaume huko Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa manyoya ya sungura na wanyama wengine. Ili manyoya yashikamane, yalipakwa zebaki iliyoyeyushwa katika asidi ya nitriki, kisha yakakaushwa na kushindiliwa kwenye joto na mvuke. Mafundi walivuta hewa hiyo kutwa nzima. Mikono ikaanza kutetemeka, kumbukumbu ikapotea, wengine wakawa wenye haya kupita kiasi au hasira za ghafla. Katika mji wa Danbury, jimbo la Connecticut, ugonjwa huo ulijulikana kwa jina la mji wenyewe: mtetemeko wa Danbury.

Si wataalamu wote wanaokubali kwamba nahau ilizaliwa humo viwandani. Wengi huidhania kuwa ya Lewis Carroll, kwa sababu ya mtengeneza kofia aliyemweka katika hadithi yake ya mwaka 1865, ila ilikuwa imeshachapishwa kabla yake. Ugonjwa wenyewe hauna ubishi. Hata hivyo, Marekani iliacha zebaki katika kofia mwaka 1941 tu, tena kwa sehemu kwa sababu vita ilihitaji zebaki hiyo kwa viwashio vya mabomu. Sababu hiyo ilinikera kuliko yote niliyosoma.

Ilinikera kwa sababu nimetoka Busia, ambako wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu. Mjomba wangu huchanganya zebaki na tope la mawe yaliyosagwa, kwa mikono mitupu. Zebaki ikishaikamata dhahabu, huikamua kwa kitambaa, mara nyingine kipande cha shati kuukuu, halafu huichoma juu ya jiko la makaa hadi zebaki igeuke moshi. Utotoni nilimshikia taa. Sasa kikombe cha chai humtetemeka mkononi, na majirani husema ni pombe. Mjomba hanywi.

Likizo iliyopita nilimweleza habari za Danbury, nikamwambia pia kwamba serikali yetu imeridhia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo aliposikia nahau yenyewe. Kisha akauliza, "Hao wa kofia walipewa nini badala yake?" Nikamjibu kwamba walipata kemikali nyingine ya kulainishia manyoya.

"Haya, mpwa wangu. Na mimi dhahabu nitaikamata kwa nini?"